SOMO: Tupange Kabla Programu za Ofisi na Barua Pepe Hazijafika Mwisho



Somo hili limeandikwa kwa viongozi wa kamati za wakimbizi wa ndani, kwa makatibu wa mashirika madogo ya amani, na kwa familia ambazo majina yao yameandikwa katika kompyuta za watu wengine. Familia hizo ni nyingi. Katanga imeona watu wakihama makwao mara nyingi: watu wa Manono, Mitwaba na Pweto, eneo lililopewa jina la pembetatu ya kifo, kisha watu wa Tanganyika katika mapigano kati ya Watwa na Waluba yaliyoanza mwaka wa 2013. Mwaka wa 2025 watu wa Kivu walikimbia tena, Goma ilipotekwa mwezi wa Januari na Bukavu mwezi wa Februari. Katika Kongo nzima, waliohama makwao bila kuvuka mpaka walipita milioni 7 mwaka wa 2024.

Mtu anayehama huacha nyumba, shamba na makaburi ya wazee wake. Mara nyingi huacha hata makaratasi. Kwa hiyo jina lake katika orodha ya kamati, barua ya shefu wa kartye, au muhtasari wa baraza la upatanisho ni kitu kikubwa kwake. Siku hizi vitu hivyo vimo ndani ya kompyuta, ambayo wengi wetu hapa Lubumbashi tunaiita ordinatere. Na programu za kompyuta hiyo zina mwisho wake.

KUSUDI LA SOMO

Mkimaliza somo hili, kikundi chenu kitaweza:
- kueleza maana ya programu kufika mwisho wa matunzo;
- kujua kama kompyuta na barua pepe za kamati zenu zimefika huko;
- kuchagua njia inayolingana na uwezo wenu;
- kulinda orodha na barua za watu wakati wa kuhama kutoka programu ya zamani kwenda mpya.

Somo linahitaji saa mbili. Leteni daftari, kalamu, na kama inawezekana kompyuta moja ya kamati.

1. MAANA YA MWISHO WA MATUNZO

Programu ya kompyuta hutengenezwa na watu, na watu hukosea. Kila mwezi wataalamu hugundua matundu ndani yake. Mwizi akilijua tundu kabla halijazibwa, anaweza kuingia na kusoma faili, au kuzifunga na kudai pesa. Kampuni iliyotengeneza programu hutuma viraka vya kuziba matundu hayo kwa njia ya intaneti. Viraka hivyo huitwa masasisho.

Siku moja kampuni hutangaza kwamba haitatuma viraka tena kwa programu fulani. Hiyo ndiyo siku ya mwisho wa matunzo. Kesho yake kompyuta itawaka kama kawaida. Word itafunguka, barua itachapwa. Hakuna kitakachoonekana kimebadilika. Lakini matundu mapya yatakayogunduliwa hayatazibwa.

Fikirieni nyumba ya mabati wakati wa kiangazi. Bati likitoboka mwezi wa Julai, hakuna anayelowa. Mwenye nyumba husema, mbona tunalala vizuri. Mvua za Novemba zikija ndipo atajua, na siku hiyo fundi ana kazi nyingi na bei imepanda. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

2. TAREHE ZA KUJUA

Ofisi nyingi za hapa kwetu hutumia programu za kampuni ya Microsoft ya Marekani. Hizi ndizo tarehe zake za mwisho wa matunzo:

Windows, yaani mfumo unaowasha kompyuta:
- Windows 7: 14 Januari 2020
- Windows 8.1: 10 Januari 2023
- Windows 10: 14 Oktoba 2025

Office, yaani Word, Excel, PowerPoint, Outlook na ndugu zao:
- Office 2010: 13 Oktoba 2020
- Office 2013: 11 Aprili 2023
- Office 2016 na Office 2019: 14 Oktoba 2025
- Office 2021: 13 Oktoba 2026

Exchange, yaani seva ya barua pepe ambayo mashirika makubwa huiweka katika ofisi zao:
- Exchange 2013: 11 Aprili 2023
- Exchange 2016 na 2019: 14 Oktoba 2025

Mnaona kwamba tarehe 14 Oktoba 2025 ilibeba mizigo mitatu kwa siku moja: mfumo wa kompyuta, programu za ofisi, na seva ya barua pepe. Ndiyo maana jambo hili linagusa ofisi nyingi kwa wakati mmoja.

Kuna tarehe nyingine inayowahusu wanaotengeneza magazeti madogo na matangazo. Wengi hutumia Publisher. Microsoft ilitangaza kwamba Publisher inafika mwisho Oktoba 2026, na kwamba wanaoitumia kwa malipo ya mwezi au mwaka hawataweza tena kufungua faili zake kwa programu hiyo. Kila gazeti la zamani la kamati lililohifadhiwa kama faili ya Publisher linahitaji kugeuzwa kuwa PDF.

Jinsi ya kujua mnachotumia. Bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R, andika winver, kisha bonyeza Entrée. Kompyuta itaonyesha jina la mfumo wake. Kwa Office, fungua Word, bonyeza Fichier, kisha Compte. Jina na mwaka wa programu vitaonekana. Viandikeni katika daftari.

3. KWA NINI HILI NI JAMBO LA AMANI

Mtu anaweza kuuliza: kuna uhusiano gani kati ya kompyuta na upatanisho? Upo, tena wa karibu. Tuangalie hatari tatu.

Kupotea. Tuseme kompyuta ya kamati imeingiliwa na kirusi na orodha ya familia imefungwa. Wiki hiyo unakuja mgao wa mahema na sabuni. Katibu anaandika orodha mpya kwa kukumbuka. Familia 10 anazisahau. Zikiwa zote ni za kabila moja au zimetoka kijiji kimoja, hakuna atakayeamini kwamba ni kompyuta. Watasema wamefutwa makusudi. Tumeona jinsi uvumi wa namna hii unavyoweza kurudisha chuki ambayo baraza lilikuwa limeituliza kwa miezi mingi.

Kuibwa. Orodha ya wakimbizi wa ndani si orodha ya kawaida. Ina jina la mtu, kijiji alichotoka, mahali anapolala sasa, namba ya simu, na majina ya watoto. Nyingine zina siri nzito zaidi, kama habari za wanawake waliodhulumiwa au vijana waliotoka katika makundi yenye silaha. Orodha hiyo ikiangukia mikononi mwa anayewatafuta watu hao, madhara yake hayarekebishwi kwa kununua kompyuta mpya.

Kuiga. Mwizi akiingia katika barua pepe ya kamati, anaweza kuandika kwa jina la prezida: tumeni mchango kwa namba hii ya M-Pesa au Airtel Money. Anaweza pia kuandikia upande wa pili wa mazungumzo maneno ambayo kamati haikusema. Uaminifu uliojengwa kwa miaka unaweza kubomoka kwa barua moja.

Sheria nayo inasema. Mapatano ya Kampala ya Umoja wa Afrika, yaliyopitishwa tarehe 23 Oktoba 2009, yanazitaka nchi katika kifungu cha 13 kuwa na orodha ya wakimbizi wa ndani na kuhakikisha kwamba wanapata makaratasi yao. Hapa Kongo, Kanuni ya Numeriki ya tarehe 13 Machi 2023 inalinda habari za mtu binafsi. Kwa hiyo kiongozi anayetunza majina ya watu ametunza amana. Si mali yake.

4. MIFANO MITATU KUTOKA DUNIANI

Hospitali za Uingereza. Tarehe 12 Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilifunga kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi karibu 150. Kiliingia kupitia tundu la Windows. Kiraka cha tundu hilo kilitolewa Machi 2017, lakini kompyuta nyingi hazikukipokea. Nyingine zilikuwa na Windows XP, ambayo matunzo yake yaliisha tarehe 8 Aprili 2014. Hospitali nyingi za serikali ya Uingereza zilipata shida, na wagonjwa wakaambiwa warudi nyumbani.

Seva za barua pepe. Machi 2021 ilitangazwa kwamba wezi walikuwa wakiingia katika seva za Exchange kupitia matundu manne. Mashirika maelfu kwa maelfu duniani yaliguswa. Kampuni ilitoa viraka, lakini aliyekuwa na seva isiyo na mtu wa kuitunza alibaki na mlango wazi.

Familia zilizotengana. Huu unatugusa zaidi. Januari 2022 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba wezi wameingia katika seva zenye habari za watu zaidi ya 515,000. Walikuwa watu waliotenganishwa na jamaa zao kwa vita, uhamiaji na misiba, watu waliopotea na familia zinazowatafuta, na watu waliofungwa. Habari hizo zilitoka kwa vyama vya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu vya nchi zisizopungua 60. Wezi waliingia tarehe 9 Novemba 2021, na hawakugunduliwa hadi tarehe 18 Januari 2022. Walipita katika tundu ambalo kiraka chake kilikuwepo tayari lakini hakikuwekwa kwa wakati. Shirika lilizima mifumo hiyo, na kwa muda kazi ya kuunganisha familia ikafanywa kwa njia za polepole.

Tusisome habari hii kwa kulaumu. Shirika lenyewe lilieleza wazi kilichotokea, na hilo ni jambo la kuiga. Tujiulize tu: ikiwa shirika lenye wataalamu liliumizwa na kiraka kimoja kilichochelewa, kamati yenye kompyuta ambayo haitapata kiraka tena kamwe iko katika hali gani?

5. HATUA SABA ZA MPANGO

Hatua ya 1: Andikeni vifaa vyote. Mali bila daftari huisha bila habari. Chukueni daftari na mwandike kila kompyuta: iko kwa nani, ina Windows gani, ina Office gani, ina kumbukumbu kiasi gani. Andikeni pia kila anwani ya barua pepe ya kamati, na ni nani anayejua neno lake la siri. Msisahau kompyuta inayokaa nyumbani kwa katibu wa zamani.

Hatua ya 2: Tambueni kilicho cha thamani. Si kila faili ina uzito sawa. Gaweni katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni vitu ambavyo vikipotea mtu ataumia: orodha za familia, mapatano yaliyotiwa sahihi, ushuhuda, barua kwa serikali. Fungu la pili ni vitu vya kazi: ripoti, bajeti, barua za wafadhili. Fungu la tatu ni mengine yote. Anzeni na fungu la kwanza. Na kama mnayo orodha ambayo haina kazi tena, ifuteni. Jina lisilotunzwa bila sababu haliwezi kuibwa.

Hatua ya 3: Tengenezeni nakala za akiba kabla ya kugusa chochote. Akiba haiozi. Kanuni ya wataalamu ni rahisi: nakala 3, katika vyombo 2 vya namna tofauti, na 1 ikae mahali pengine. Kwa mfano, faili moja ndani ya kompyuta, ya pili katika diski ya nje, ya tatu katika diski nyingine inayowekwa parokiani au kwa mshauri wa kamati. Diski isikae katika begi moja na kompyuta, maana mwizi wa begi huchukua vyote. Barua za Outlook nazo zihifadhiwe: bonyeza Fichier, Ouvrir et exporter, kisha Importer/Exporter, na kutoa faili ya pst.

Faili za fungu la kwanza zifungwe kwa neno la siri. Katika Word na Excel bonyeza Fichier, Informations, kisha sehemu ya kulinda faili, na uchague kuifunga kwa mot de passe. Tahadhari: neno hilo likisahaulika, faili imepotea. Liandikwe katika karatasi, litiwe katika bahasha iliyofungwa, na bahasha ikae kwa mtu aliyechaguliwa na kamati nzima.

Hatua ya 4: Chagueni njia. Njia ziko nne.

a) Kununua muda. Kwa Windows 10, Microsoft ilitoa nyongeza ya matunzo. Kwa kompyuta ya mtu binafsi nyongeza hiyo ni hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Kwa mashirika bei ilianza kwa dola 61 kwa kila kompyuta kwa mwaka wa kwanza, na huongezeka maradufu kila mwaka, kwa muda usiozidi miaka 3. Ni njia ya kupumua, wala si makazi.

b) Kupanda Windows 11. Hii inahitaji kumbukumbu ya GB 4, diski ya GB 64, na kipande cha usalama kinachoitwa TPM 2.0. Kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka wa 2018 hazikubaliki. Jueni hilo kabla ya kununua kompyuta ya mitumba.

c) Kuhamia programu za bure. LibreOffice, iliyoanza mwaka wa 2010, hufungua na kuandika faili za Word na Excel, na haina malipo. Mtu mmoja anaweza kuipakua mara moja mahali penye intaneti nzuri, kisha kuwapa wengine kwa flashi bila kuvunja sheria. Thunderbird hufanya kazi ya Outlook kwa barua pepe. Kwa kompyuta ya zamani isiyokubali Windows 11, upo mfumo wa Linux, kama Ubuntu au Linux Mint. Gharama yake ni muda wa kujifunza. Barua yenye jedwali gumu inaweza kuharibika kidogo inapofunguliwa, kwa hiyo jaribuni kwanza.

d) Kutumia programu za intaneti. Microsoft huwapa mashirika yasiyo ya faida yaliyothibitishwa akaunti za Business Basic bila malipo, hadi 300, zenye barua pepe na Word ya kutumia katika intaneti. Shirika lazima lionyeshe makaratasi yake ya ASBL. Lakini kumbukeni mambo mawili. Kwanza, msaada wa bure unaweza kukoma: mwaka wa 2025 kampuni hiyo hiyo ilisimamisha akaunti 10 za bure za Business Premium ilizokuwa ikiwapa mashirika. Pili, intaneti yenyewe inaweza kukatika. Baada ya uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018, intaneti ilikatwa nchini kwetu kwa muda wa siku karibu 20. Anayetegemea njia hii awe na nakala mkononi.

Wengine watauliza juu ya nakala za Office zisizo na leseni, zinazowekwa na fundi wa mtaani kwa franka chache. Nakala hizo mara nyingi haziwezi kupokea viraka, na baadhi huja na virusi ndani. Kwa orodha ya watu waliokimbia vita, LibreOffice ya bure ni salama kuliko Office ya kuvunjwa.

Hatua ya 5: Pangeni barua pepe kwa makini zaidi. Programu ya kuandika ikibadilishwa, ni wewe tu unayeona. Anwani ikibadilishwa, wote wanaokuandikia wanapotea. Kamati nyingi hutumia anwani ya Gmail au Yahoo iliyofunguliwa kwa jina la mtu mmoja. Mtu huyo akisafiri, akifa au akikasirika, kamati inapoteza sauti yake. Isitoshe, tangu Desemba 2023 Google inaweza kufuta akaunti ya mtu binafsi isiyotumika kwa miaka 2. Wakongwe wa kazi hii watakumbuka vikundi vya Yahoo, ambavyo mashirika mengi yalivitumia kwa miaka: vilifungwa kabisa tarehe 15 Desemba 2020.

Kwa hiyo: anwani iwe ya kamati, si ya mtu. Watu wawili wajue jinsi ya kuifungua. Namba ya simu ya kurudisha neno la siri iwe ya laini ya kamati. Kama mnayo anwani yenye jina la shirika lenu, mjue ni nani aliyeisajili, na ada yake ya mwaka hulipwa lini. Msifunge anwani ya zamani siku ya kwanza. Iacheni wazi angalau miezi 6, ikituma barua zake kwenye anwani mpya.

Hatua ya 6: Jaribuni kwa kompyuta moja. Chagueni kompyuta isiyo na mzigo mkubwa. Ifanyieni mabadiliko, itumieni wiki mbili. Fungueni kila faili ya fungu la kwanza. Chapeni barua. Tumeni barua pepe kwa mfadhili na kwa shefu wa kartye, muulize kama imefika. Yakiharibika, yaharibike hapo. Msifanye kazi hii wiki ya mgao wala wiki ya baraza, na msiianze siku ambayo umeme wa SNEL unakatika kila saa. Kompyuta ikizimika katikati ya kuwekewa mfumo mpya huweza kukataa kuwaka.

Hatua ya 7: Waambieni watu, kisha mzike ya zamani. Tangazeni anwani mpya katika mkutano, kwa mdomo na kwa karatasi yenye muhuri. Wezi hupenda wakati wa mabadiliko, maana ndipo barua ya "tumebadilisha anwani" huaminika. Waambieni wafadhili: barua yoyote yenye namba mpya ya pesa ihakikishwe kwa simu. Na kompyuta ya zamani isiuzwe sokoni wala kupewa mtoto wa shule ikiwa na diski yake. Kufuta faili kwa kawaida hakutoshi. Fundi anaweza kuzirudisha. Diski isafishwe kabisa kwa programu ya kazi hiyo, au itolewe na kuvunjwa mbele ya mashahidi wawili.

6. NENO KWA FAMILIA

Si lazima ujue kompyuta ili ulinde jina lako. Unayo haki ya kumwuliza kiongozi wako, kwa heshima: Jina langu limeandikwa wapi? Nani anaweza kulisoma? Ikiwa kompyuta itaharibika leo, nakala iko wapi? Kiongozi mwema hatakasirika.

Wewe pia fanya yako. Kadi yako ya elekta, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na barua za shamba vitengenezee nakala ya karatasi, ukaiweke kwa ndugu anayekaa mahali pengine. Ukienda cyber kuandika barua au kufungua barua pepe, toka katika akaunti kabla ya kuinuka, na futa faili uliyoiacha katika kompyuta yao. Mtu akikupigia simu akisema mfumo umebadilika na anataka neno lako la siri au namba ya siri ya M-Pesa, kata simu. Hakuna kamati wala kampuni inayohitaji namba hiyo.

7. MCHEZO MFUPI

Watu wawili waucheze mbele ya kikundi.

Katibu: Mama Prezida, kompyuta imeandika kwamba Windows yetu haitunzwi tena.
Mama Prezida: Inawaka?
Katibu: Inawaka, Mama. Na Word inafunguka.
Mama Prezida: Basi shida iko wapi, Papa Katibu? Pesa za kununua nyingine hatuna.
Katibu: Shida ni kitasa, Mama. Mlango unafungwa, lakini kitasa kikiharibika hakuna fundi atakayekuja.
Mama Prezida: Orodha ya familia iko wapi?
Katibu: Iko ndani yake.
Mama Prezida: Na kwingine?
Katibu: (ananyamaza)
Mama Prezida: Kumbe shida si pesa. Leo hatununui kompyuta, Papa. Leo tunatafuta diski moja, na jioni mimi na wewe tunakaa hapa mpaka nakala iishe. Kesho tutazungumza habari ya kununua.

Baada ya mchezo, ulizeni: Katibu alifanya vizuri wapi? Mama Prezida alianza na jambo gani, na kwa nini alilitanguliza?

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Taja faili tatu za kamati yetu ambazo zikipotea mtu ataumia. Nakala zake ziko wapi leo?
2. Ni nani anayejua neno la siri la barua pepe yetu? Akisafiri kesho, tutafanyaje?
3. Kati ya njia nne za Hatua ya 4, ipi inalingana na mfuko wetu na intaneti yetu? Ipi haifai, na kwa nini?
4. Orodha yetu ikipotea, jamii itasema nini? Tutawaelezaje ili uvumi usizae ugomvi?
5. Kuna majina tunayoyatunza bila kazi? Tuyafute lini, mbele ya nani?

KAZI YA NYUMBANI

Kabla ya mkutano ujao, kila kamati ijaze ukurasa mmoja wa daftari wenye safu tano: kifaa, programu na mwaka wake, tarehe ya mwisho wa matunzo, njia tuliyochagua, na jina la mwenye kazi. Mstari usio na jina la mwenye kazi haujakamilika. Ukurasa huo usomwe mbele ya wanakamati wote, wanawake na vijana wakiwemo, na kila jumuiya inayokaa katika kartye iwe na mtu wake aliyeusikia.

Kamati ambayo haina pesa hata kidogo inaweza kutimiza Hatua ya 1, ya 2 na ya 3 ndani ya wiki moja kwa daftari na diski ya kuazima. Hatua hizo tatu peke yake zinatosha kuhakikisha kwamba siku ya mgao kila familia itaitwa kwa jina lake.